Ndege Aliyenyamaza kwa Gati

"Kamwambie huyo ndege wako arudishe jina la watu." Shemeji alikuwa anapayuka, mtoto mgongoni kwake naye anapayuka, na mimi nimesimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani sijaitua hata. "Arudishe leo. Siyo kesho, leo."

"Shemeji, ndege hana jina la mtu. Ni maandishi tu yale."

"Kama ni maandishi tu, ulikuja kujisifia nini hapa? Si ulikaa hapo, kwenye hicho kigoda, ukasema bibi sasa ataitwa mpaka Ulaya?"

"Nilisema."

"Basi ameitwa Ulaya, ameenda. Huku mtoto anamtafuta hamwoni."

Huyo ndiyo Jenoveva, mke wa kaka yangu Wambura. Akikasirikaga hashushi sauti mpaka Butiama nzima ijue kesi imeanzia wapi. Kaka mwenyewe hayuko, yuko Bunda na baba, wanalinda pamba ya mwaka jana ambayo kiwanda cha jineri hakijaipokea mpaka leo. Wanaume wa nyumba nimebaki mimi. Mwanaume wa kupigiwa kelele.

"Baba, tua maji uingie ndani," sauti ikatoka chumbani.

Hiyo ni shangazi Nyamhanga, dada yake baba. Ananiitaga baba kwa sababu mimi Pastory ni jina la padri tu, jina la nyumbani naitwa Wanzagi, na Wanzagi alikuwa baba yake. Kwa hiyo bibi Gati, mama yake shangazi, alikuwa mke wangu. Si unajua mambo ya kwetu. Bibi enzi za uhai wake alinitengeaga ugali wangu peke yangu, nikichelewa kutoka shule ananiuliza, "Mzee wangu, leo umelala kwa nani?" Na mimi nina miaka saba, nasimama hapo najitetea.

"Mwulize vizuri, shangazi," shemeji akasema. "Mwanaume gani anamwoza mke wake kwa ndege?"

Sikucheka, ingawa nilitaka.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, macho mekundu ya kukosa usingizi. Kwetu mtoto hapewagi jina kama anavyopewa shati. Mtoto analia, unajua kuna marehemu anataka kurudi kupitia kwake, ila hujui ni nani. Basi anakaa mtu mzima anayewajua wafu wa ukoo, mama anatoa titi, yule mtu mzima anataja: wewe ni fulani? Mtoto akiendelea kulia, siyo huyo. Anataja mwingine. Jina likifika lenyewe mtoto ananyamaza, anashika titi, ananyonya. Imeisha. Hata mimi nilinyamazaga hivyo hivyo, wananiambia.

Sasa huyu binti wa kaka wote tulijua ni Gati. Bibi alikuwa amekufa mwaka mmoja tu nyuma, na mtoto ana lile paji lake la uso la kugomba. Akaitwa Gati. Mtoto akalia mpaka akawa wa zambarau. Wakaita wengine, akina Esta, akina Justina, mpaka wale wa zamani ambao hata makaburi yao hatuyajui. Titi akawa analigusa tu analiacha. Shingo ilikuwa imeanza kuwa nyembamba. Shemeji alikuwa ananipigia kelele mimi, lakini niliona macho yake, yule mama alikuwa anaogopa.

"Baba," shangazi akaniambia, taratibu, "huyo ndege yuko hai?"

"Hapana, shangazi. Tulimkausha. Wanakaushaga ili akae."

"Na jina la mama limekaa wapi?"

"Kwenye mguu. Kuna kikaratasi kimefungwa na uzi."

Shangazi akaangalia miguu ya mtoto mgongoni. Shemeji akanyamaza, na huyo siyo mtu wa kunyamaza.

"Mmemfunga mama kwenye mguu wa maiti," shangazi akasema. "Alikuwa njiani anakuja. Mmemfunga. Sasa tukimwita hapa tunamwita mtu aliyekufa mara mbili. Mtoto atanyamazaje?"

Nikasema nitaenda Musoma. Nilitoka hapo sijanywa hata uji.

* * *

Njiani, juu ya lori, nimekalia magunia ya mihogo, nilikuwa naona mvua inatembea kule mbali juu ya vilima, haitufikii. Mimi nikiwa kwenye gari akili yangu inatokaga. Inaenda zake. Nikawa nafikiria mambo yalivyoanza, na nikaona sijui hata yalianzaje, yalikuwa kama ndoto ya asubuhi, ile ambayo unasikia watu wanatwanga nje na kwenye ndoto kutwanga kunakuwa kitu kingine.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, nikawa mtu wa kukaa. Nikahamia Nyakato, pale pale Musoma mjini, kwa Mwikwabe, rafiki yangu fundi baiskeli. Ndiyo miaka ile sabuni ilikuwa inaanza kuonekana tena madukani, na watu wanasimama dirishani wanaiangalia tu. Mimi natembea na njia napiga mluzi. Mluzi ndiyo kitu nilichojaliwa. Ndege yeyote akilia namrudishia, na yeye ananijibu. Siku moja mwanaume wa miwani akanisimamisha barabarani akasema, "Rudia hiyo." Ndiyo Dokta.

Dokta Renatus Masatu, mtu wa upande wa Kisorya, amesoma ndege mpaka nje ya nchi, anafundisha chuo kikuu Dar. Alikuwa amepanga chumba hapo hapo Nyakato. Kuna ndege mdogo wa kahawia kule kwenye mafunjo ya Buhare, mkubwa kama kidole gumba, mgongo una mistari, mkia anausimamisha kama anakudharau. Mtu wa kawaida humwoni. Dokta alimsikia tu akasema huyu sauti yake haimo popote. Alikuwa anasema hivyo huku anatetemeka kidogo, mtu mzima.

Tukawa tunaenda alfajiri. Ukungu umelala juu ya ziwa, huoni maji yanaanzia wapi, mafunjo yanatoka kwenye mawingu. Unaingia mpaka magotini, matope yana joto kuliko hewa. Halafu analia. Analia kwa kuvuta, kama mtoto ambaye ameshiba lakini hataki kulala, mwisho anaweka kitu kama kugonga ulimi, halafu anaanza tena. Mimi nampigia mluzi, anasogea. Dokta ana wavu mwembamba kama nywele.

Sasa siku hiyo alilia, hakuacha. Tulisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Na mimi, unajua, usingizi, ukungu, ile sauti, nikaona kabisa nipo nyumbani na kuna mtoto analia chumba cha pili. Nikaanza kutaja. Siyo kwa nguvu, kwa kunong'ona. Wewe ni Justina? Analia. Wewe ni Esta? Analia. Wewe ni Gati?

Akanyamaza.

Yaani akakata hapo hapo. Dokta akageuka akaniangalia. "Umemfanyaje?" Nikamwambia desturi yetu. Akacheka kwa furaha, akasema na kwao walikuwaga nayo hiyo, na yeye alinyamazia jina la Masatu, babu yake, mvuvi. Akasema, "Basi amejichagulia mwenyewe." Tukampata kwenye wavu muda huo huo. Dokta akamshika kifuani kwa vidole viwili, akambana kidogo, kama mtu anayezima mshumaa. Pamba ya kujazia haikuwepo, hospitali haina, dukani haina, nikaileta mimi kutoka nyumbani, ya shambani kwetu, nikachambua mbegu mwenyewe.

Baadaye akanionyesha alivyopiga taipureta: *Cisticola gatiae*. Akanieleza hilo la mbele ni la ukoo, wako ndugu wengi wanalitumia, la nyuma ndiyo lake mwenyewe. Na hiyo *ae* mwishoni ni kwa sababu ni mwanamke. Nilishika ile karatasi nikasikia kama bibi amevaa viatu. Niliona Gati anaingia kwenye majumba makubwa, watu wa makoti wanasimama. Ndiyo nikaenda kujisifia.

* * *

Nyakato nilimkuta Dokta anapanga vitu. Kesho yake Landrova ya chuo ilikuwa inamfuata, na mimi nilikuwa niondoke naye. Alikuwa ameniahidi kazi Dar, kwenye chumba chenye makabati ya droo, ndege elfu na elfu wamelala chali na karatasi zao miguuni. Nilikuwa nimeshaota hicho chumba mara nyingi kuliko nilivyomwota msichana.

Nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa haki yake.

"Pole kwa mtoto," akasema. "Lakini mpelekeni hospitali, bwana Pastory."

"Walimpeleka. Wamesema mzima."

"Sasa ndege anahusikaje? Akina Gati wako wangapi Mara nzima? Kila Gati akikosa maziwa ni ndege wangu?"

"Si Gati wote. Huyu wetu. Na siyo kuwa na jina, Dokta. Ni kulifunga kwa aliyekufa."

"Lazima afungiwe mmoja." Akachukua yule ndege kutoka kwenye sanduku, akamlaza kiganjani. Macho ni pamba nyeupe. "Ndiyo sheria. Spishi inakuwa na mmoja ambaye jina ni lake. Wengine wote walio hai, wa leo, wa miaka mia ijayo, wanaazima kwake. Ukibisha huyu ni nani, unarudi kwa huyu. Jina haliondoki kwa..." Akasimama hapo.

"Haliondoki kwa nani, Dokta?"

Akamrudisha kwenye sanduku. "Bado halijachapishwa," akasema baadaye. "Likishachapishwa hata mimi siwezi. Sasa hivi naweza. Ila niambie nimwite nani. Na usiniambie nimwache bila jina."

"Tukamwulize."

"Nani?"

"Wenzake. Kule kule. Tulimwita vibaya, tukamwite tena."

Nilidhani atanifukuza. Alivua miwani akaifuta na shati, akafuta, akafuta. "Kesho alfajiri," akasema. "Gari likija litusubiri."

* * *

Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Tulitembea kama tumelala. Sikumwona Dokta, nilisikia maji yanavyolamba miguu yake, na kule mbele injini ya mtumbwi wa wavuvi ikakohoa ikazima, halafu dunia ikawa haina kitu.

Akaanza kulia. Siyo yule, yule yuko sandukuni, lakini sauti ni ile ile. Ndiyo kitu kinachochanganya na ndege, huwezi kusema huyu siye yule.

Nikataja. Nilitaja wafu wote wa kwetu niliowajua, wanaume kwa wanawake, nikaruka Gati. Analia tu. Nikataja majina ya darasani, nikataja ya watakatifu, Mungu anisamehe. Analia. Jua likaanza kuupaka ukungu rangi ya chai ya maziwa, na mimi sauti inaniisha.

Ndipo nikasikia Dokta. Alikuwa amesimama karibu sana, simwoni, na alikuwa anaongea Kijita, lugha ya kwao, taratibu, kama mtu anayeongea na mlango uliofungwa. Alikuwa anataja watu wake. Sikujua ni akina nani, ila baada ya kila jina anasubiri, na ndege anamkatalia. Akataja mwanamke mmoja sauti ikamkatika, nadhani mama yake. Ndege analia. Nikasikia anapiga hatua moja kwenye maji. Halafu akasema, "Masatu."

Kimya.

Tulisimama. Nilisikia tone la maji linaanguka kutoka kwenye funjo. Nikahisi kama nimewahi kufa siku moja na palikuwa hivi.

"Kumepita mwewe," Dokta akasema. "Niliona kivuli."

"Labda na siku ile alipita."

"Labda."

Tukarudi Nyakato.

* * *

Landrova ilikuwa imeshafika, dereva amefungua milango anakula karanga. Tukaingia chumbani. Dokta akatoa ndege, akatoa kikaratasi kipya cheupe, kalamu ile nyembamba ya wino usiofutika. Akakaa.

"Kuna jambo," akasema. "Kwenye sayansi mtu hampi ndege jina lake mwenyewe. Hamna sheria, ila ni mwiko. Ukifanya watakucheka mpaka unazikwa."

"Si wewe. Ni babu yako mvuvi."

"Nani atajua? Wataona Masatu amemwita Masatu."

"Eleza chini. Si mnaelezaga?"

"Tunaelezaga." Akainamisha kalamu. Akaandika lile la ukoo, *Cisticola*, kwa herufi ndogo nzuri, halafu kalamu ikasimama. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nikaona ncha imegusa karatasi, imeweka doa, doa linakua, mkono hauendi. Alikuwa anauangalia ule mguu wa ndege, mwembamba kama njiti ya kiberiti, uzi unapozunguka.

"Ajabu," akasema.

Sikumsaidia.

"Ajabu kabisa. Mkono umekataa." Akacheka, lakini siyo cheko la ile siku ya kwanza. "Nimefunga majina ya watu mia kwenye miguu ya hawa. Walimu wangu. Wake za walimu wangu. Rafiki yangu mmoja yuko hai, tena anashukuru. Lakini langu mimi..." Akaweka kalamu chini. "Shangazi yako anaitwa nani?"

"Nyamhanga."

"Mwambie shikamoo yangu."

Halafu akaanza kufungua kile kikaratasi cha Gati. Fundo lilikuwa dogo, alilikaza mwenyewe, sasa anapambana nalo kwa kucha. Angekata kwa mkasi, mkasi ulikuwa hapo mezani, lakini hakukata, alifungua. Ikachukua muda, dereva akapiga honi. Ukatoka. Akaniwekea kile kikaratasi kiganjani, hakina uzito wowote, na yule ndege akabaki mezani bila kitu, kama mtu aliyetoka kuoga.

"Sasa huyu nimwite nani? Watu wameisha."

"Mwite Buhare," nikasema. "Mahali hapalii."

Akaniangalia. Akavuta taipureta, akaingiza karatasi, akapiga iksi juu ya *gatiae*, moja moja, tak, tak, tak, na juu yake akaanza herufi nyingine. *Buharensis*. Akasema maana yake ni mtu wa Buhare. Likasikika jina la mtu mwenye kwao.

"Haya," akasema akiwa bado anapiga, bila kugeuka. "Chukua begi lako. Mwanza tufike mapema."

"Mimi naenda Butiama kwanza."

Taipureta ikanyamaza.

"Tuma mtu apeleke. Mwikwabe si yupo?"

"Mwikwabe siyo mume wake."

"Pastory. Gari la chuo halirudi tena mwaka huu. Mafuta yenyewe ya kuomba. Na ile nafasi sitaweza kuishikilia, watu wa kule wana ndugu zao."

"Najua, Dokta."

Nilikuwa najua. Nilikuwa nazitaka zile droo mpaka meno yanauma. Niliona hata harufu yake, kama kuna kitu kinaitwa kuona harufu, dawa na karatasi na manyoya, na mimi nimevaa koti refu naita majina kwa sauti ndogo, na wote wamelala hawalii. Na wakati huo huo nikamwona shemeji anamhamisha mtoto bega hili bega lile, titi nje, na shangazi amenyoosha miguu kwenye mkeka anasubiri tu aambiwe, sasa mwite.

"Kama hatanyamaza je?" Dokta akaniuliza. Hakuuliza kwa ubaya.

"Nitakuwepo."

Akaitikia kwa kichwa. Akanipa mkono, wenye wino, nikaushika kwa mikono miwili. Akarudi kwenye mashine yake. Nikatoka, nikaufunga mlango taratibu, ule mlango una tabia ya kupiga kelele.